Siku Tuliposhuka Mombo

Mwanangu Nakundwa,

Umepanda Mbaga na baba yako kumuaga bibi, nami nimebaki na cherehani yangu na huu upepo wa Same ambao tangu asubuhi unagombana na mabati. Nimefunga kazi mapema. Gauni la mteja liko mezani halijapindwa pindo. Najua atanisema, na aniseme tu. Kesho basi likija sitaweza kutamka neno la maana. Unanijua. Nikifika stendi nitaanza kuulizia chupa ya maji, nitakagua zipu ya begi, nitamsumbua kondakta, ili mradi nisilie mbele ya watu. Kwa hiyo naandika sasa, mchana kweupe, kichwa changu kikiwa bado kinanitii.

Mambo ya mashuka, sabuni na kujifunga khanga unapotoka bafuni siyaandiki. Shangazi yako ameyasema, akayarudia, kisha baba yako akarudia ya shangazi. Mimi nataka kuandika habari za huu mwaka tulioumaliza. Tumeuishi wote katika nyumba moja, tukila sufuria moja, lakini sijui kama tumewahi kukaa tukauzungumza. Tulikuwa tukipishana mlangoni, wewe na viatu vyako mkononi, mimi na futi yangu shingoni.

Nianzie mbali kidogo. Mpira mimi niliurithi kwa babu yako. Siku za mechi alikuwa akiiweka redio dirishani ili majirani nao wasikie, na kaka zangu wakiwa machungani, mimi ndiye niliyebaki naye tukipukuchua maharage. Niliyajua majina ya wachezaji ambao sura zao sijawahi kuziona mpaka leo. Ndiyo maana nilipoolewa nikashuka Same, na mashabiki wa timu ya Kimbunga wakaleta benchi lao kwenye baraza yangu kwa sababu ya kivuli, sikuwa mgeni kwao. Kivuli ndicho kilichowaleta. Walibaki kwa sababu nilikuwa nikiwajibu. Tawi lilipoanzishwa wakamchagua Mzee Kiangi, mstaafu wa reli, kuwa mwenyekiti, na mimi wakanipa ukatibu. Wewe umekulia katikati ya kelele hizo. Ulijifunza neno usajili kabla hujajua kufunga kamba za viatu.

Kwa hiyo fikiria moyo wangu siku ile simu ilipoingia. Nilikuwa nashona sare za kwaya. Mwanamume akajitambulisha kuwa anatoka Kimbunga, upande wa timu ya wanawake, kule Morogoro. Akasema walikuona kwenye mashindano ya mikoa pale Moshi, beki wa kati mrefu wa Same, na wanakuhitaji haraka kwa sababu kambi inaanza. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Nilimwambia unakuja. Sikukuuliza, mwanangu. Ulikuwa umekwenda kisimani, na mimi nikasema, "Anakuja."

Baraza siku ile ilijaa. Mzee Kiangi alivaa jezi ya timu juu ya shati lake la Jumapili. Watu ambao hawakuwahi kuja kukuona ukicheza walikuwa wanaeleza jinsi walivyokugundua. Wewe ulirudi na ndoo kichwani ukakuta unapigiwa makofi, na sikuona uso wako vizuri kwa sababu ya maji yaliyokuwa yanakumwagikia.

Jioni yake Ombeni, yule kijana wetu wa bodaboda, akaegesha pikipiki akatusomea habari kwenye simu yake. Wachezaji wa Kimbunga wanawake wamegoma kuingia kambini. Beki wao, Neema, alivunjika mguu kwenye mechi, akapelekwa hospitali siku ya kwanza, kisha klabu ikasema mkataba wake hauna neno lolote kuhusu matibabu, hivyo aendelee kutibiwa na familia yake. Wenzake wakasema hawafanyi mazoezi mpaka Neema atibiwe na suala la matibabu liandikwe kwenye mikataba ya wote. Klabu ikajibu kwamba itasajili wengine walio tayari kuvaa jezi.

Ombeni alipofika hapo akanitazama. Wote tulielewa. Wengine walio tayari ni wewe.

Unakumbuka ubishi uliofuata, maana ukuta wetu si mnene. Mzee Kiangi alisema kila kazi ina malalamiko yake, na kama kila mfanyakazi wa reli mwenye kinyongo angelikuwa anasimamisha treni, hakuna mtu ambaye angefika Tanga. Mchezaji kazi yake ni kucheza. Madai yake apeleke pembeni, jioni, baada ya mechi. Ombeni hakukubali. Akatukumbusha alivyoanguka njia ya Kisiwani. Mwenye pikipiki alipofika alimpita yeye aliyelala chini, akaiinamia pikipiki, akakagua tangi, akakagua taa, ndipo akageuka akamuuliza, "Na wewe je?" Akasema tangu siku hiyo anajua maana ya mguu wa mtu mbele ya mwenye mali. Mzee Kiangi akasema hiyo ni bodaboda, huu ni mpira.

Mimi nilisimama na Mzee Kiangi. Nilisema kwa sauti ili usikie: ngoja ngoja huumiza matumbo. Hao waliogoma wana majina, wakigoma wanaandikwa. Binti yangu hana jina, akigoma nani atajua? Nilikuwa nawaza miaka yako tangu umalize kidato cha nne. Niliwaza jinsi ulivyokuwa ukiamka kabla yetu wote kukimbia, bila timu, bila mtu wa kukupimia muda. Nilikuwa nakuonea huruma, na huruma ilinifanya nisikuulize unachofikiri. Hilo ndilo ninalolijutia kuliko ubishi wenyewe. Watu wote barazani walikuwa na maoni kuhusu miguu yako, ila wewe hukuulizwa.

Siku ya safari ile ya kwanza walikusindikiza na ngoma. Mimi nikapanda nawe ili nikukabidhi mwenyewe. Tulipopita Hedaru ulikuwa bado unatazama nje. Kisha ukaniambia, taratibu kama mtu anayeomba maji, "Mama, nataka tushuke Mombo."

Nikauliza Mombo kuna nini. Ndipo ukanieleza kwamba ulikuwa umeitafuta namba ya Zawadi, nahodha wa wale waliogoma, kupitia wasichana mliokutana nao Moshi, na ukampigia. Ulitegemea akutukane. Zawadi hakukutukana. Alikuambia hawezi kukukataza kwa sababu hajui kwenu mnakula nini, na kwamba ukija hatakusema vibaya. Alikuomba jambo moja tu: njiani, umpitie Neema umwone. Nyumbani kwao ni Mombo.

Nilikasirika. Nilikuambia watu wanatungojea Morogoro. Nilikuambia huyo nahodha ana akili nyingi kuliko wewe. Lakini ulikuwa umekwisha kusimama na begi, na mimi nikafuata kwa sababu mama hufuata, hata akinuna.

Tulimkuta Neema uani, amekaa mkekani, mguu mmoja umenyooshwa mbele na vyuma vimetokeza pembeni, akichambua maharage kwenye ungo. Nilitegemea kumkuta mtu mchungu. Alitukaribisha kama wageni wa harusi, akamwita mama yake alete vigoda. Ulimwamkia mama yake, ukakaa mkekani karibu naye, ukaanza kumsaidia kuchambua. Kisha akakuuliza unacheza namba ngapi.

"Namba tano," ukasema, ukitazama mkeka.

Neema akacheka. "Basi ni namba yangu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye akavuta ungo, akachukua maharage machache akayapanga mkekani. Hapa goli, akasema, hapa jukwaa, hapa benchi la ufundi. Akakueleza kwamba upande wa jukwaa, karibu na kona, mvua imechimba uwanja na majani yamefunika, mtu haoni. Akaweka harage moja jekundu pale. Akasema ukiwa unarudi nyuma kukaba, mshambuliaji atataka kukupeleka kule. Usimfuate, usigeukie nje, geukia ndani. Akakufanya urudie kwa kidole. Alikuwa anakufundisha namna ya kutovunjika, Nakundwa. Mtu ambaye tulikuwa njiani kwenda kuchukua nafasi yake alikuwa anaogopa usije ukaumia.

Mimi niliondoka nikaenda jikoni kwa mama yake, nikajifanya nataka kusaidia kukoleza moto. Alinieleza habari zao bila kulalamika, kama anavyosimulia mtu aliyekwisha kulia akamaliza. Daktari alisema mguu unahitaji kufanyiwa tena, na yule wa klabu aliyeahidi kuwapeleka hapokei simu. Halafu akaniuliza kama wewe ndiye wa kwanza kuzaliwa, nikasema ndiye. Akakoroga sufuria yake. Akasema, "Siku anaondoka nilimpigia vigelegele mpaka sauti ikanikauka. Na wewe ulipiga?"

"Nilipiga," nikasema.

Akaonja chumvi, akafunika sufuria. Sidhani hata kama alikusudia kunichoma. Lakini mpaka leo nikiwa napiga pasi, au nimeinamia kitambaa, nasikia lile swali, na jibu langu.

Tuliporudi barabarani tulikaa kwenye kile kibanda cha mama wa ndizi. Basi la kuelekea Morogoro likaja, kondakta akashuka akaita. Mimi nilishika begi. Wewe hukusimama.

"Mama," ukasema, "hii nafasi haijawa wazi. Mwenyewe bado yupo."

Nikakuuliza utarudi Same kuwaambia watu nini. Ukasema, "Nitawaambia tulishuka Mombo."

Basi likaondoka. Sikukusifu. Nataka ujue kwamba sikukusifu kwa sababu sikuwa nimekubali. Moyoni nilikuwa nimeguswa, lakini moyo kuguswa ni jambo moja na kuliacha basi liondoke ni jambo jingine. Ulimpigia yule mwanamume wa Kimbunga mbele yangu, kwa adabu, ukamwambia utakuja siku wenzako watakaporudi kambini. Akasema usijisumbue tena. Tukavuka barabara tukapanda la kurudi.

Ombeni ndiye wa kwanza kutuona stendi. Aliona begi, akaona nyuso zetu, akalichukua akalifunga nyuma ya pikipiki bila kuuliza. Wengine waliuliza. Mzee Kiangi alikuja barazani jioni, akasikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba Same imengoja mtoto wake wa kwanza kwenye ligi kubwa na mtoto huyo ameishia kula ndizi Mombo. Kesho yake benchi la tawi likahamia kwa kinyozi.

Hukujua jinsi jambo lile lilivyoniuma, na sikutaka ujue. Utaona ni kitu kidogo, benchi. Lakini mimi nimeshona miaka yote hii nikibishana. Mikono yangu inakwenda vizuri nikiwa nabishana. Baraza ilikaa kimya kama nyumba yenye mgonjwa. Nikapindisha mishono. Mama mmoja alirudisha sketi mara mbili.

Baba yako alishuka mwisho wa wiki na magunia ya tangawizi. Nilimweleza yote nikitegemea atakugombeza kwa niaba yangu. Aliuliza kama umekula. Kisha akasema shamba la tangawizi kule Mamba, milimani, lina kazi, akaenda nawe. Baadaye alinisimulia kwamba kila alfajiri alikuwa anakusikia unatoka, unateremka mpaka kwenye bwawa la mfereji na kurudi unakimbia kwenye ule mwinuko ambao punda husimama kupumzika. Alisema alikuwa akijifanya amelala ili usione aibu. Yeye na mimi tuna namna tofauti za kukupenda. Yake haina kelele.

Sasa nakuja kwenye neno ambalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Ulikuwa umeshuka kutoka shambani kwa siku chache. Ligi ilikuwa imeanza, na Kimbunga walikuwa wamesajili wasichana wapya kujaza nafasi za waliogoma. Mechi yao ikaonyeshwa, nikaenda kuitazama dirishani kwa kinyozi, nimesimama nje kama mwombaji. Nikamwona msichana aliyevaa namba tano. Mtangazaji alikuwa analitaja jina lake. Nikarudi nyumbani na moto kifuani, nikakukuta umeinama unamenya tangawizi kwa ajili ya chai, nikasema, "Yule aliyevaa jezi yako anaonekana na nchi nzima. Wewe unanuka tangawizi."

Ulikwenda kwenye beseni ukanawa mikono. Ulinawa kwa muda mrefu sana. Ukapaka sabuni, ukasuuza, ukapaka tena. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sikuweza kusogea, wala kulirudisha neno.

Hatujawahi kulitaja tena. Labda umekwisha kulisahau, vijana husahau. Mimi sijasahau. Nilikuwa naogopa, mwanangu. Niliogopa kwamba mlango umefungwa na kwamba mimi, niliyeshika begi bila kukusukuma, nimechangia kuufunga. Hofu ikiingia kwa mzazi haisemi jina lake. Inakuja na sauti ya ukali, inaonekana kama dharau. Mikono yako ilikuwa inanuka kazi ya baba yako, kazi iliyokusomesha. Nisamehe kwa hilo. Na utakapokuwa mbali, ukinipigia simu ukaniona mkali bila sababu, niulize, "Mama, unaogopa nini?" Utashangaa jinsi nitakavyolainika.

Mgomo uliisha bila shangwe. Hakuna aliyebebwa mabegani. Kimbunga walifungwa mechi baada ya mechi, mashabiki wakapungua uwanjani, wasimamizi wa ligi wakawaita viongozi wa klabu na Zawadi na wenzake wakae meza moja. Mwisho klabu ikampeleka Neema hospitali akafanyiwa upasuaji, na mikataba ikaongezwa kipengele cha matibabu. Wachezaji wa zamani wakarudi kambini. Ombeni alikuja mbio kutueleza, na siku ile ulicheka kwa mara ya kwanza tangu Mombo. Mimi nikaketi karibu na simu.

Hawakupiga. Masika yakaja yakaisha. Zawadi alikutumia ujumbe wa kukushukuru, basi. Ulirudi Mamba, ukashuka, ukaenda tena. Jioni ulikuwa unafanya mazoezi na wavulana wa sekondari, na asubuhi unakimbia barabara ya Kisiwani. Nilikuwa nakutazama nikijiuliza unamkimbilia nani. Sikuthubutu kusema, nilikuwa nimekwisha kujifunza kufunga mdomo.

Ndipo Mzee Kiangi akaja. Ulikuwa unafagia baraza. Ulimwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kwenye kigoda changu cha wateja na mfuko wake magotini. Alikaa kidogo akitazama barabara, kisha akakuambia maneno ambayo nimeyashika yote. "Bado nasema ulikosea. Timu haisimami kumngoja mtu. Lakini nimekuona unakimbia na viatu vilivyofumuka, na mchezaji wa Same hakimbii hivyo." Akatoa kwenye mfuko viatu vya mpira vipya, akaviweka sakafuni, akaondoka kabla hujamaliza kusema asante babu. Benchi lilirudi siku hizohizo. Nilifungua mlango asubuhi nikalikuta mahali pake, na wao wamekaa wanabishana habari za dirisha la usajili, kana kwamba hawakuwahi kwenda popote.

Nalitaja hili kwa sababu utakutana na watu wengi watakaokataa ulichofanya. Wengine watakuwa wabaya kweli. Lakini wengine watakuwa kama Mzee Kiangi, hawatakubaliana nawe hata siku moja na bado watakuona viatu vyako vimefumuka. Usiharakishe kuwaweka wote kapu moja. Mimi nilikuwa nimemwondoa moyoni, na nilikosea.

Na yule msichana aliyevaa namba tano, yupo kambini bado, amebaki mchezaji wa akiba. Utalala naye bweni moja. Nimemfikiria sana. Naye ana mama aliyepiga vigelegele, na labda kwao hapakuwa na shamba la kurudia. Hakushuka Mombo kwa sababu hakuna aliyemwambia ashuke. Ukifika, mwamkie wewe kwanza. Na habari ya Mombo usiivae shingoni kama nishani. Waliokuwepo wanaijua, wasiokuwepo haiwahusu. Ukianza kuisimulia kila mahali itageuka kuwa fimbo ya kuwachapia wenzako, na nakujua, hukuifanya kwa sababu hiyo.

Simu ya pili niliipokea mimi vilevile, maana bado namba waliyonayo ni yangu. Sauti ilikuwa ya msichana.

"Mama shikamoo. Mimi Neema wa Mombo."

Nikaitikia. Nikamuuliza mguu. Akasema unapona, anatembea kwa gongo moja, lakini madaktari wamemwambia msimu huu asifikirie uwanja, na pengine hata ujao. Alisema hayo upesi, kama mtu anayevuka mahali penye tope. Kisha akasema, "Kocha ameniuliza nani achukue namba yangu, nimemtaja Nakundwa. Watampigia leo. Nimeona nikuombe wewe kwanza, mama."

Aniombe mimi. Mteja aliyekuwa anapimwa alinishika mkono akidhani nimepewa habari za msiba. Mwisho nilisema, "Ahsante, mwanangu," na Kimbunga walipopiga nikakuita. Safari hii nilikuita, nikakupa simu, nikatoka nje ili usikilize na ujibu mwenyewe. Nilisimama upeponi na Mzee Kiangi na Ombeni, na hakuna aliyesema kitu, jambo ambalo kwa benchi lile ni muujiza. Ulipotoka ulisema, "Nimewaambia ndiyo," na Mzee Kiangi akafuta macho akisingizia vumbi.

Mkataba ulipokuja uliusoma barazani kwa sauti. Ulipofika kwenye kipengele cha matibabu nilikuomba ukirudie. Ulidhani sijaelewa Kiswahili chao cha kisheria. Nilikielewa. Nilitaka tu kukisikia tena, maana najua kila neno pale lilitoka kwenye mguu wa mtu.

Kwa hiyo kesho unakwenda, na naogopa bado. Naogopa kona za viwanja, naogopa simu za saa zisizo za kawaida. Naogopa pia jambo jingine, ambalo huenda wewe hujaliona. Watu hapa wameanza kukuita binti mwenye msimamo, na sifa ya namna hiyo ni nzito kwa mtu wa umri wako. Siku moja utakuwa umechoka, utachagua vibaya. Utanyamaza mahali ulipopaswa kusema, au utapanda basi ulilopaswa kuliacha. Siku hiyo usijifiche nisijue. Mimi niliyekuzaa nilikuwa tayari kukupandisha basi lile, na asubuhi yake niliamka nikawa bado mama yako. Mtu hamalizwi na kosa moja, wala hakamilishwi na tendo moja jema. Yote mawili yanahitaji kuamka kesho yake.

Nasikia honi barabarani, nadhani ni nyie mmeshuka. Makande yako motoni, nimeweka nazi kwa sababu ni wewe. Karatasi hii nitaiweka ndani ya begi mahali ambapo utaikuta ukiwa umekwisha kufika, ili usiisome ukiwa njiani ukalia mbele ya watu, kama nitakavyolia mimi.

Nenda ukacheze, Nakundwa. Ukishinda, rudi utusimulie. Ukishindwa, rudi hivyohivyo, usingoje upate kitu cha kuleta. Kimbunga wanaweza kukuacha, na timu nyingine ikakuchukua, na hiyo nayo ikakuacha. Ndiyo kazi yenyewe ilivyo. Nyumba hii haisajili mtu wala haiachi mtu. Mlango ni wa kusukuma tu.

Mimi mama yako,
Same